Kamba Chini ya Goti

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu Gamaliel, salamu nyingi zikufikie huko kisiwani Bumbire uliko. Za kwanza ni zangu mimi mama yako Alistidia. Anayefuata kukusalimu ni tatenkazi yako Elina, dada wa baba yako, ambaye tangu mazishi hajarudi kwake Kaagya, yuko hapa Kanazi na mimi. Anakusalimu baba yako mdogo Karugendo na mke wake Petronila na watoto wao wote, hata yule wa mwisho ambaye hujamwona, naye ameota meno. Anakusalimu mdogo wako Joyness kutoka Bukoba mjini. Mwinjilisti anakusalimu, leo aliuliza habari zako mlangoni pa kanisa. Ng'ombe yupo. Mbuzi wamebaki wawili. Zamani barua zetu zilianza na salamu za baba yako, mimi nikafuata. Leo nimeanza na mimi. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Baba yako tulimzika tarehe kumi na tatu Februari. Tulituma neno kwa watu wa mitumbwi, na simu yako ilikuwa haipatikani, na hata sasa haipatikani. Sijui kama neno lilikufikia.

Mwamvita, yule anayeuza dagaa sokoni kwetu, anasema masika haya havuki ziwa, anaogopa mawimbi. Atavuka mwanzoni mwa mwezi wa sita. Nikasema basi nitaandika kidogo kidogo kwenye daftari hili alilobakiza Joyness, akivuka akupelekee lote. Mimi niliishia darasa la nne, utanivumilia.

Nikueleze la mguu. Siku za matanga nilikaa chini, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, kama mjane anavyokaa, miguu nimeikunja upande mmoja, wa kushoto uko chini, wa kulia juu yake. Walileta kiti nikakataa. Walileta mto nikasema niko sawa, na kweli sikusikia kitu. Watu wa mwisho walipoondoka nikainuka, na mguu wa kushoto haukuinuka. Paja linakwenda, goti linakwenda, lakini unyayo unaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Juu ya unyayo ukinifinya sisikii. Mpaka leo uko hivyo. Zahanati walipima presha, wakanitazama mdomo kama umepinda, wakasema si kiharusi, niende hospitali kubwa mjini. Nikasema nitakwenda mvua ikipungua.

Elina ananifunga kamba ya mgomba chini ya goti. Anasema ugonjwa ulioanzia unyayoni hupanda, na baba yako kweli alianza na miguu kuvimba, ikapanda mapajani, ikapanda tumboni, ikafika moyoni. Sasa ananizuilia usipande. Kila asubuhi analowesha kamba mpya, anaizungusha mara tatu, anakaza. Ikikauka inajikaza yenyewe.

Je, unakula? Una sweta?


Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Kamba imebadilishwa. Mguu bado.


Alhamisi, 13 Machi

Leo umetimia mwezi. Nilipika ndizi na maharage. Tulimaliza kula ndipo Elina akasema, wifi, leo hukutia chumvi. Sikuwa nimejua.


Jumamosi, 15 Machi

Karugendo amekuja. Nilimtolea kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikamwona ananitazama ninavyovuka ukumbi. Maana sasa natembea kwa kuinua goti juu ili vidole visikwaruze chini.

"Shemeji," akasema, "unatembea kama korongo anayetafuta vyura."

Elina akacheka, na mimi nikacheka kwa mdomo. Karugendo si mtu mbaya, Gamaliel. Jeneza alilibeba yeye upande wa kichwa, na mvua ilimnyeshea hakubadilisha bega. Lakini alipomaliza kutafuna akasema alichokuja kusema. Kwamba kibanja kimeingia magugu. Kwamba migomba haijapogolewa, na mibuni ya chini itazaa sana mwaka huu, nani atachuma? Mjane mwenye mguu mmoja na dada mtu mwenye miaka sitini. Akasema tunangoja mpaka mwezi wa sita. Mguu ukiinuka, vema. Usipoinuka, Joyness aache anachosoma mjini arudi ashike kibanja cha baba yake.

Unajua anachosoma. Ni miezi sita kwenye jimu moja pale Bukoba, anajifunza kuwa mwalimu wa mazoezi, kuwafundisha watu kunyoosha miili yao na kunyanyua vyuma. Alianza mwezi wa kwanza. Baba yako ndiye aliyekubali. Mimi nilinyamaza, maana nilijiuliza ni kazi gani hiyo, watu wa kwetu wanabeba ndizi kutoka shambani na kuni kutoka msituni, ni nani atamlipa mtu amwambie ainame na kuinuka? Karugendo anaiita shule ya kurukaruka.

Nikamwambia sawa, tungoje.


Ijumaa, 21 Machi

Joyness amepiga simu ya Elina. La mguu hajui, alirudi mjini kabla watu hawajatawanyika, na mimi simwambii, ataacha masomo aje. Akaniuliza kama najua nina mifupa mingapi. Nikamwambia sijawahi kuihesabu. Akasema mia mbili na sita, na mwezi wa sita kwenye mtihani atasimamishwa mbele ya mtu, aonyeshe kwa kidole misuli hamsini na kila mmoja aseme umeshika mfupa gani na unafanya kazi gani. Akikosea mitano ameanguka. Ananong'ona, wenzake wamelala mchana. Nikamwambia vaa sweta.


Jumatatu, 24 Machi

Nimeanguka na mkungu wa ndizi, kwenye njia ya kwenda kwa ng'ombe. Kandambili ilivuka, kidole kikajikunja chini, nikaenda na uso. Mkungu ulitangulia, sikuumia. Nilibaki pale chini na mvua ikininyeshea. Nilikuwa naona mchwa wamebeba kitu cheupe, nikawatazama mpaka wakapita wote. Elina ndiye aliyekuja kuniinua. Amekaza kamba zaidi.


Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kamba. Bado.


Jumapili, 6 Aprili

Petronila alinisindikiza kutoka kanisani, nimeegemea fimbo ya baba yako. Akaanza kwa mbali, kama anavyofanya. Kwamba Elina kwake Kaagya hana mtoto, na mume aliyemwoa alishakufa. Kwamba wanawake wa namna hiyo hurudi kwa kaka zao. Kwamba kamba inaweza kufunga ugonjwa, na inaweza kufunga mtu. Akasema, "Mimi sijasema kitu, Mama Gamaliel."

Nikamjibu kweli hujasema kitu.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimekuwa namtazama Elina akifunga. Zamani sikumtazama. Anafunga amebana midomo, na anakaza mpaka vidole vyake vinakuwa vyeupe. Nilimwuliza, mbona unakaza hivyo wifi? Akasema isipokazwa inapita. Nikamwuliza nini kinapita. Akachukua ndoo akaenda.

Sasa anapika yeye, na mimi nangoja aanze kula ndipo nile. Naona aibu kukuandikia hili, lakini ndivyo nilivyofanya juzi na jana na leo.


Jumanne, 15 Aprili

Mvua imevunja migomba minne. Mguu bado. Elina anakohoa.


Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Leo ni mengi. Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Joyness alifika Jumamosi mchana, amelowa. Nilikuwa nimejipanga. Nilikaa kitini mapema, nimefunika miguu kwa kanga, nikamwachia Elina kazi ya kuinuka. Jana kanisani niliwahi kwenda, nikawahi kukaa, na fimbo nikasema ni utelezi. Aliamini, au aliniacha niamini kwamba ameamini.

Leo baada ya chai akatoa makaratasi yake. Kuna picha ya mtu aliyechunwa ngozi yote, amesimama tu, mikono ameifungua kama anakaribisha wageni. Nyama zote zinaonekana, nyekundu, zimepangwa kama nyuzi za kikapu. Elina alitazama akageuza uso. Mimi sikugeuza. Nilikuwa namtafuta baba yako mle, pale moyo wake uliposimama.

Joyness akasema mwalimu wao, Machibya, anawaambia picha haitoshi, mtu ajifunze kwa mkono juu ya mtu mzima. Akasema, "Lala mkekani mama, nikusome."

Nikalala. Akaanzia begani. Alikuwa anabonyeza, anataja jina, la kizungu kisha la kwetu kama lipo, ananiambia nisukume mkono wake, ananiambia niache. Huu wa bega ndio unaoinua mkono kando. Huu wa nyuma ya mkono unanyoosha kiwiko. Nikamwambia huo naujua, ndio unaouma ukitwanga. Akacheka, akaandika. Mgongoni akanionyesha miwili mirefu iliyosimama kando ya uti kama nguzo za mlango, akasema hii ndiyo iliyokubeba ukiwa umebeba ndizi, mama, kichwa hakibebi kitu. Mikono yake ina joto. Tangu mwezi wa pili hakuna aliyenigusa hivyo pole pole, isipokuwa Elina na kamba yake. Nilijua ni vizuri. Nilijua tu, kama mtu anayejua kwamba nje kuna jua.

Akafika miguuni. Wa kulia akaumaliza, paja, goti, kigimbi, kisigino. Akaniambia nivute vidole kuelekea usoni, nikavuta. Akaweka mkono mbele ya muundi, akasema huu ndio unaoinua unyayo.

"Mguu mwingine."

Nikasema imetosha, ndizi zinaungua. Akasema ndizi hazijawekwa motoni, mama. Akafunua kanga mwenyewe.

Alitazama kamba. Akaniambia vuta vidole. Nikamwambia haviji. Akaniambia tena, taratibu, kama unavyomwambia mtoto, na mimi nikavivuta kwa nguvu zangu zote, na unyayo ukabaki umelala. Akanifinya juu ya unyayo. Akanifinya kati ya kidole gumba na kinachofuata. Nikamwambia usijisumbue.

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu matanga. Hakulia, hakupandisha sauti. Akachukua kisu akakata kamba. Chini yake ngozi ilikuwa nyeusi, imezama. Kisha akachukua kidole changu mimi, akakiweka upande wa nje, chini kidogo ya goti, mahali penye kifundo cha mfupa. Akaniambia bonyeza. Huo ni mfupa mwembamba wa nje, akasema, hapa ndipo kichwa chake. Sasa telezesha kidole nyuma yake kidogo, kwenda shingoni mwa mfupa. Kuna uzi pale, unateleza. Ni mshipa wa fahamu. Ndio unaoleta amri kwa msuli wa kuinua unyayo. Mishipa mingine imefichwa ndani ya nyama, lakini huu hapa umepita juu ya mfupa mtupu, hakuna kitu cha kuukinga ila ngozi.

Nikamwambia naujua huo. Baba yako alipochinja mbuzi wa Krismasi alikuwa anauvuta kwenye paja, kamba nyeupe, haikatiki kwa meno, anawatupia mbwa. Joyness akasema ndio huo huo, mama.

Akasema nilipokaa siku zile nyasini, nimelalia upande ule, mfupa uliubana mshipa na sakafu. Ungejiponya. Lakini kila asubuhi umefungwa kamba mbichi, mahali pale pale, inakauka inakaza.

Elina alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la kamba zinazolowa.

Joyness akainuka, akapiga magoti mbele yake kama anavyotakiwa, na akiwa bado chini akasema, "Tatenkazi, unamfunga mahali ambapo hapafungiki."

Elina akamwangalia. Akasema, "Nilikuwa nazuia."

Basi. Akaweka bakuli chini kwa uangalifu, lisimwagike, akaenda jikoni. Nilimsikia akipuliza moto ambao ulikuwa unawaka.

Joyness akampigia simu mwalimu Machibya. Nilisikia sauti yake, inaongea Kiswahili cha Usukumani. Alimwambia umeona vizuri, lakini mwalimu wa mazoezi si daktari, usimshike tena mpaka hospitali wamwone. Kesho tunakwenda.


Jumatano, 23 Aprili

Jana tulikwenda hospitali. Daktari mwanamke, kijana. Alinigonga gonga, alinichoma na kisindano hapa na hapa akiniuliza, akaniambia nimwonyeshe nilivyokaa kwenye matanga. Nikamwonyesha, pale pale kwenye sakafu yao. Akasema yale yale aliyosema Joyness. Mshipa umebanwa, haujakatika. Akasema unaamka pole pole, wiki au miezi, hakuna anayeweza kuapa. Amenipa kifaa cha plastiki cha kuweka ndani ya kiatu kishikilie unyayo, na mazoezi. Akamwuliza Joyness anasoma nini. Alipojibu, daktari akasema "hm", akamwandikia mazoezi yeye badala ya mimi.

Njiani Joyness alisema mshipa ukikua unakua upana wa uzi kwa siku. Nikawaza nyuzi. Kutoka goti mpaka katikati ya muundi ni nyuzi ngapi? Sikuhesabu.

Nilimwuliza kuhusu aliyosema Karugendo. Nikamweleza yote, kwamba mguu usipoinuka ataitwa nyumbani. Kisha akasema, "Basi usiniambie kila siku umefika wapi. Nitakuwa nahesabu badala ya kusoma."


Ijumaa, 25 Aprili

Joyness amerudi mjini. Elina siku tatu haji sebuleni, anakula jikoni. Leo nilikwenda huko na kiatu changu cha plastiki. Nikakaa kwenye kigoda.

Nikamwambia, "Wifi, nilikuwa nangoja uanze kula."

Akasema, "Najua. Nilikuwa naanza haraka ili usife njaa."

Baada ya muda akaniambia kwamba baba yako, wiki ile ya mwisho, alimwambia, "Elina, nifunge miguu, inapanda." Yeye akamwambia kaka, huo ni upuuzi, wewe ni Mlutheri. Hakumfunga. Alisema hivyo akichambua maharage. Aliyatenga mabovu pembeni, mazima pembeni.

Nikamwambia haingezuia kitu, ulikuwa ni moyo. Akasema ndiyo, sasa nimeambiwa.


Jumamosi, 3 Mei

Elina ndiye mwenye karatasi ya mazoezi sasa, ingawa hasomi, anaelewa michoro. Nakaa, nimenyoosha mguu, anapitisha kanga chini ya unyayo, anavuta kuja kwangu, anahesabu kumi kwa Kihaya, anaachia. Mara kumi. Kisha ananiambia nivute mwenyewe. Navuta. Hakuna kinachokuja. Anasema vema, kesho.

Mvua zimepungua. Kahawa imeanza kubadilika rangi kule juu.


Jumapili, 11 Mei

Kumi mara kumi, asubuhi na jioni. Bado.


Jumatano, 14 Mei

Bado. Ng'ombe ana mimba.


Jumamosi, 17 Mei

Maji ya kuoshea vyombo yalinimwagikia mguu wa kushoto, nikasema ni ya moto. Elina akaniuliza umejuaje. Tukatazamana. Akamwaga mengine, ya baridi. Nikasema baridi. Alimwaga mpaka ndoo ikaisha, na vyombo havikuoshwa.


Alhamisi, 22 Mei

Joyness alipiga simu. Hakuuliza mguu, sikusema mguu. Aliniuliza ule msuli unaouma ukitwanga unaitwaje, nikamtajia jina lake la kizungu, nilikuwa nimelishika. Akasema mama, mimi nilikuwa nimelisahau.

Nimewaza sana baada ya hapo. Nilikuwa nadhani anajifunza kuchezesha watu. Kumbe anajifunza mtu amefungwaje, wapi ameimarika na wapi hana kinga. Nimeishi katika mwili huu miaka hamsini na moja, nimewazaa nao ninyi wawili, na nilikuwa sijui kwamba mahali pale chini ya goti sina kitu ila ngozi. Wala Elina hakujua. Mganga wa zamani hakujua. Kamba hizo zimefungwa hapa Kanazi tangu mabibi.


Jumapili, 25 Mei

Kidole gumba kimeinuka. Kidogo, kimo cha punje ya kahawa. Elina akasema rudia. Nikarudia. Akatoka nje. Mimi nilibaki nakitazama, nilingoja nifurahi. Nikakiinua tena.


Jumamosi, 31 Mei

Karugendo amekuja, na Petronila nyuma yake. Nilimwonyesha. Nilivua kiatu mbele ya shemeji yangu, jambo ambalo siku nyingine nisingefanya, nikainua kidole, na siku hizi unyayo nao unafuata kidogo, unatoka chini kama mtu anayeamka kwa shida. Alitazama vizuri, sitamsingizia. Aliinama kabisa.

Kisha akasema, "Shemeji, kidole si mguu."

Akasema amefurahi, lakini kahawa haingoji. Tulikubaliana mwezi wa sita na mwezi wa sita ni kesho. Jumamosi ijayo, tarehe saba, ukoo unakaa hapa nyumbani. Atasema Joyness arudi. Mtihani wake ni tarehe kumi na mbili.

Elina alikuwa amekaa chini mlangoni. Hajawahi kumbishia kaka yake mbele yangu. Akasema yeye atachuma mibuni ya chini, na ile ya juu karibu na nyumba nitachuma mimi nikiwa nimekaa, na anayetaka kuona kama miaka sitini inachuma aje Jumatatu na kikapu chake. Petronila akatazama paa.

Karugendo akasema, "Dada, wewe umeolewa Kaagya. Neno la kibanja hiki si lako wala si la Mama Gamaliel. Ni la mrithi. Na mrithi yuko wapi?"

Akasema basi mrithi asiposema, atasema yeye. Akala kahawa tatu akaondoka. Mlangoni akageuka, akaniambia niendelee na mazoezi.

Sikumchukia. Nilimwona amechoka. Anabeba vibanja viwili tangu Februari, chake na chetu, na mgongoni amekwisha kupinda, ile nguzo ya kushoto imesimama juu kuliko ya kulia. Joyness angemwambia alale mkekani.


Jumapili, 1 Juni

Leo nimekwenda kanisani bila fimbo. Polepole, na kiatu. Watoto hawakucheka, au wamezoea.

Mwamvita amepita. Anavuka kesho Jumatatu, anarudi Alhamisi. Daftari nampa leo jioni, kwa hiyo namalizia.

Gamaliel, mrithi wa baba yako ni wewe. Walikuvalisha vazi lake ukiwa hupo, walilitandika kwenye kiti. Wewe ndiye unayeweza kusema kibanja kibaki mikononi mwa mama yako, na tatenkazi yako akae hapa achume na mimi, na Joyness amalize. Mimi nikisema, ni mwanamke anayetetea binti yake. Elina akisema, ni dada aliyeolewa. Ukisema wewe, Karugendo atanyamaza, tena nadhani atashusha pumzi.

Kama unataka kuja, njoo, chumba chako kipo, kimefagiliwa. Kama huwezi kuja, sitasema kitu kwa watu. Lakini neno lako lifike. Mpe Mwamvita Alhamisi, kabla hajapanda mtumbwi, usimwambie utamtumia baadaye, ukoo unakaa Jumamosi asubuhi. Likiandikwa na mwingine wataligeuza, kwa hiyo andika kwa mkono wako, mwandiko wako Karugendo anaujua. Hata mstari mmoja. Hata uandike tu "Joyness abaki mjini", uweke na jina lako chini, nitausoma mbele yao mimi mwenyewe, nimesimama.

Ni mimi mama yako,
Alistidia.